Bufa kwanza, twita baadaye: krosova ya elektroniki kwa spika za njia tatu

Msomaji wa Shangani, Mtwara, ameuliza hivi (nimefupisha): "Shikamoo fundi. Nina spika mbili za njia tatu, boksi nilichongewa na seremala kwa mninga, uso wa mbele ni MDF, upana sentimita 30. Ndani kuna bufa ya inchi 10, midi ya inchi 5 na twita ya kuba ya inchi 1, zote za omu 8. Krosova ni zile bodi za tayari za madukani, amplifaya ni moja ya stereo. Kwa sauti ya wastani dansi na taarabu zinasikika vizuri. Nikipandisha, besi inakuwa nzito isiyo na umbo, mwimbaji anafunikwa, na twita zimeshaungua mara mbili. Rafiki yangu anasema nitupe bodi hizo, ninunue krosova ya elektroniki na amplifaya tatu. Kuna tofauti kweli au ni kuchoma hela? Nikate wapi? Naweza kujenga mwenyewe? Pasi ya risasi naishika vizuri."

Marahaba, kaka. Krosova ndiyo inayogawa sauti: za chini kwa bufa, za kati kwa midi, za juu kwa twita. Rafiki yako yuko sahihi, ila anakutaka ufanye yote kwa siku moja. Mimi nakushauri uanze na mkato wa chini tu, yaani mpaka wa masafa kati ya bufa na midi. Hapo ndipo krosova ya elektroniki inalipa kila shilingi. Mkato wa juu, wa midi na twita, uache kwanza kwenye koili na kapasita. Utauhamisha baadaye ukishapata maikrofoni ya kupimia. Ukifanya hivyo unahitaji amplifaya mbili za stereo badala ya tatu, na ya kwanza unayo tayari.

Nianze na ubaya wa hiyo bodi. Krosova ya kawaida inakaa kati ya amplifaya na spika. Ili kukata bufa ya omu 8 kwenye hezi 300 kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktava (kila masafa yanapoongezeka maradufu), hesabu inadai koili ya milihenri 6 na kapasita ya maikrofaradi 47. Koili ya milihenri 6 ni dude kubwa. Ukiifunga kwa waya wa milimita 1 bila chuma ndani, ukinzani wake unakaribia omu nzima, na omu hiyo inakaa katikati ya amplifaya na bufa, ikila nguvu na kuilegeza amplifaya isiishike koni. Ndiyo maana wauzaji wa bodi za bei rahisi wanatumia koili ndogo yenye kipande cha chuma katikati. Chuma hicho kikishiba usumaku, yaani unapopandisha sauti, koili inaacha kuwa koili. Hiyo "besi isiyo na umbo" unayoisikia, sehemu yake inatoka hapo.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii. Hesabu yote hiyo inaamini kuwa bufa ni omu 8 daima. Si kweli. Ipime kwa mita, utaona kama omu 6. Ikicheza kwenye masafa yake ya asili, yale ambayo koni hutikisika yenyewe kirahisi, ukinzani unaweza kupita omu 30, na ukipanda masafa ya juu koili yake yenyewe inauongeza tena. Halafu kuna joto. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ya bufa ikipanda kutoka nyuzi 30 za sebuleni kwako hadi nyuzi 130, jambo la kawaida kabisa ukifungulia kwa nguvu, omu 6 zinakuwa 8 na ushee. Maana yake bodi yako inakata mahali pamoja mwanzo wa wimbo na mahali pengine baada ya nusu saa ya sherehe.

Krosova ya elektroniki inakaa kabla ya amplifaya. Inagawa signali ikiwa bado ndogo, volti moja au mbili, kwa resista na kapasita ndogo za senti, kisha kila spika inapata amplifaya yake na waya mtupu. Bufa ipashe moto, ibadilike ukinzani, mkato hausogei hata hezi moja.

Sasa twita zako. Chukua mfano wa wimbo ambao besi inahitaji volti 20 kwenye kilele na sauti za juu zinahitaji volti 10. Amplifaya moja inayobeba vyote lazima ifike volti 30, kwa sababu vilele hukutana. Kwenye omu 8 hiyo ni amplifaya ya wati 56 hivi. Ukizigawa, ya besi inahitaji wati 25 na ya juu wati 6 na kidogo. Jumla wati 31 zinafanya kazi ya 56. Amplifaya yako ikiwa ya wati 40, katika mfano huu imeshaanza kukata vichwa vya mawimbi. Ikikata, besi haizidi tena, lakini wewe unaendelea kuzungusha kitasa, na sauti za juu zinaendelea kupanda pamoja na uchafu mpya ambao ukataji wenyewe umeuzaa. Vyote hivyo vinaelekea kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Kwa hiyo kinachochoma twita mara nyingi ni besi, na muuzaji atakwambia twita ilikuwa feki. Inawezekana nayo ilikuwa feki, sibishi.

Ukiigawa chini, amplifaya ya bufa ikikata vichwa uchafu unabaki kwenye bufa, nayo haina uwezo wa kuutoa vizuri. Twita haina habari.

Kuhusu mahali pa kukata: midi ya inchi 5 inaweza kushuka bila shida hadi hezi 300, na mimi napenda hapo hapo kwa sababu nyingine. Boksi lenye upana wa sentimita 30 hurusha sauti za juu mbele tu, lakini sauti za chini hulizunguka na kwenda hata nyuma. Mpito huo uko karibu na hezi 380 kwa upana wako (gawanya 115 kwa upana wa boksi katika mita). Chini ya hapo mbele panapungua nguvu, hadi desibeli 6 ukiwa uwanjani, na kidogo zaidi ya nusu ya desibeli hizo kama spika iko karibu na ukuta. Ukikata karibu na 300, unaziba pengo hilo kwa kupandisha kitasa cha amplifaya ya bufa desibeli 3 au 4 tu. Bodi yako ya sasa haiwezi kupandisha kitu. Inachoweza ni kuwapunguza midi na twita kwa resista zinazopasha joto boksi.

Kujenga unaweza, na ni rahisi kuliko watu wanavyotisha. Tumia mpangilio wa Linkwitz na Riley, wahandisi wawili wa Hewlett-Packard. Linkwitz aliueleza mwaka 1976 kwenye jarida la Audio Engineering Society na mpaka leo hakuna sababu ya kuukimbia. Mteremko ni desibeli 24 kwa oktava. Kwenye masafa ya mkato kila upande uko chini kwa desibeli 6, na pande mbili zinakwenda pamoja, zikisukuma na kuvuta kwa wakati mmoja, hivyo zikijumlishwa zinatoa mstari ulionyooka. Unaupata kwa kufuatanisha machujio mawili yanayofanana ya desibeli 12.

Chujio la kwenda bufa liko hivi. Signali inapita resista mbili za kilo-omu 3.9 zilizofuatana hadi mguu wa chanya wa opampu (kikuza signali kidogo kilicho ndani ya chipu). Kutoka mguu huo kwenda graundi weka kapasita moja ya nanofaradi 100. Kutoka katikati ya resista mbili kwenda kwenye tokeo la opampu weka kapasita mbili za nanofaradi 100 zilizo sambamba, yaani 200. Mguu wa hasi uunganishe moja kwa moja na tokeo. Chujio la kwenda midi ni hilo hilo limegeuzwa: kapasita mbili za 100 zilizofuatana hadi mguu wa chanya, resista mbili za 3.9 zilizofuatana kutoka hapo kwenda graundi, na resista moja ya 3.9 kutoka katikati ya kapasita kwenda kwenye tokeo. Kila moja lirudie mara mbili. Mkato unaangukia hezi 289.

Hesabu vifaa uone raha yake: kwa spika mbili machujio yote yanakula resista 40 au 50 tofauti? Hapana. Ni resista 20 za kilo-omu 3.9 na kapasita 20 za nanofaradi 100, basi. Nunua resista 30 za asilimia 1 na kapasita 40 za plastiki, polipropilini ukizipata, poliesta zinatosha. Seramiki za kawaida usitumie hapa, thamani yake inayumba kadiri volti inavyobadilika. Kisha kaa na mita yenye kipimo cha kapasita, uzipange kwa makundi yanayofanana. Mkato ukiwa 280 au 300 hakuna atakayejua, lakini spika ya kushoto na ya kulia zikitofautiana mwimbaji anahama katikati na kwenda pembeni. Kulinganisha pande mbili ni muhimu kuliko kupata namba yenyewe.

Opampu tumia NE5532. Ni ya zamani, bei yake ni ndogo, na kelele yake ni chini kuliko utakavyoweza kusikia. Ndani ya kila moja kuna opampu mbili. Kila spika inahitaji moja ya kupokea signali na nne za machujio, jumla tano, kwa hiyo aisii (chipu) tatu kwa kila upande. Ya sita inayobaki usiiache ikielea: unganisha tokeo lake na mguu wa hasi, na mguu wa chanya uupeleke graundi. Mlangoni weka resista ya kilo-omu 22 kwenda graundi, na kila tokeo lipitie resista ya omu 100 kabla ya kugusa waya wa RCA, ule wa signali kwenda amplifaya. Kando ya kila aisii, karibu kabisa na miguu ya umeme, kapasita ya nanofaradi 100 kutoka chanya kwenda hasi. Fundi anayeziruka hizo kwa sababu "mbona inalia tu" atakuja kuuliza kwa nini opampu inachemka wakati hakuna muziki.

Umeme wa kulisha ni volti 15 chanya na 15 hasi, kutoka regulata za 7815 (chanya) na 7915 (hasi), zinazoshikilia volti zisiyumbe. Hapa nataka usome polepole, maana michoro mingi ya mitandaoni imechorwa na watu ambao umeme wao hauyumbi. Wataandika transfoma ya volti 15 mara mbili. Transfoma hiyo kwenye volti 230 inatoa kilele cha volti 21, toa 1.4 za daraja la diodi, unabaki na karibu 20. Vizuri. Lakini jioni volti za ukutani zikishuka hadi 190, unabaki na 16, na 7815 inataka angalau 17 ili ifanye kazi yake. Matokeo yake ni mvumo wa hezi 100 kwenye spika, kila siku saa moja usiku, na utaitafuta hitilafu kwenye waya mpaka uchoke. Chukua transfoma ya volti 18 mara mbili. Kwenye 190 inakupa karibu 19.6, kwenye 250 inakupa 26 na kidogo, na hata ukiongeza ziada ya transfoma isiyo na mzigo bado uko chini ya 35 ambazo ndizo kikomo cha 7815. Kapasita za kuchuja ziwe za volti 50, za nyuzi 105. Zile za nyuzi 85 zinakauka mapema kwenye joto letu. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wa kapasita kwa nusu.

Ukishamaliza, kwenye boksi la spika fanya hivi. Bufa ing'oe kabisa kwenye bodi, iende moja kwa moja kwenye amplifaya yake. Kwenye bodi, tafuta sehemu ya midi: kuna kapasita kubwa iliyo njiani na koili kubwa inayoshuka graundi, kazi yao ni kumzuia midi asipate besi. Kazi hiyo sasa inafanywa na krosova mpya, kwa hiyo kapasita iruke kwa waya na koili hiyo iondoe. Usiguse sehemu ya twita bila kuiangalia kwanza.

Iangalie. Bodi nyingi zina kapasita moja tu mbele ya twita. Kama ni ya maikrofaradi 4.7 kwenye omu 8, inakata karibu na hezi 4200 kwa mteremko wa desibeli 6, mteremko mlegevu mno. Kwenye hezi 1000, ambako ndiko karibu twita za kuba nyingi zina masafa yao ya asili, inapungukiwa desibeli 13 tu. Bado inacheza, na inateseka. Ongeza koili ya milihenri 0.68 sambamba na twita baada ya kapasita hiyo ya 4.7, mkato unakuwa karibu hezi 2800 na mteremko unakuwa wa 12. Kwa mteremko wa aina hiyo, ikiwa midi nayo imekatwa kwa 12, twita mara nyingi hutaka kufungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Jaribu pande zote mbili ukisikiliza kodiani na sauti ya mwanamke. Upande wenye mwili ndio sahihi.

Ukifika hapo, simama miezi kadhaa. Sikiliza. Msimu wa korosho hela ikiingia ndipo ufikirie mkato wa juu, kwa sababu huko mambo yanabadilika kabisa.

Chini, kwenye hezi 289, urefu wa wimbi ni mita 1.2. Bufa ikikaa nyuma au mbele ya midi kwa sentimita tatu, si kitu. Lakini kwenye hezi 2200, karibu na mkato wa juu, wimbi lina sentimita 16 tu. (Natumia kasi ya sauti ya mita 349 kwa sekunde, ya hewa ya nyuzi 30. Vitabu vya Ulaya vinaandika 343, ya nyuzi 20.) Twita ya kuba iliyofungwa kwenye uso mmoja na midi ina koili iliyo mbele ya koili ya midi kwa sentimita 2 hadi 4, kwa sababu koni ya midi imezama ndani. Sentimita 3 kati ya 16 ni nyuzi 68 za mzunguko wa wimbi. Ule usawa mzuri wa Linkwitz na Riley unadhani sauti mbili zinaanzia mahali pamoja. Zikipishana nyuzi 68, hazijumlishi tena kama hesabu inavyosema, na kadiri unavyoinuka au kukaa sauti inabadilika. Watu wengi wanajenga krosova nzuri ya elektroniki, wanaiweka, halafu wanasema ya zamani ilikuwa tamu zaidi. Mara nyingi wanasema kweli. Bodi ya zamani ilikuwa na kasoro ambazo kwa bahati zilifidia huo umbali.

Jinsi ya kujua: funga kila kitu sawa, kisha kwenye spika moja tu geuza waya za twita, chanya kwa hasi. Piga mlio wa hezi 2200 na upime mita moja mbele, katikati ya midi na twita. Kama mpangilio ni sahihi, mlio utazama, desibeli 20 au zaidi, maana sasa wawili wanapingana sawasawa. Kama unazama kidogo tu, hawaendi pamoja. Kwa jaribio hili hata maikrofoni ya simu inafaa, kwa sababu unalinganisha kitu na chenyewe. Kwa kazi nzima tafuta maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la masahihisho, na programu ya kupima sauti ya REW ambayo ni ya bure. Toa spika uani usiku upepo wa bahari ukitulia, iweke juu ya meza mbali na kuta. Sebule yenye vigae chini na bati juu bila dari inarudisha sauti kiasi kwamba utapima nyumba badala ya spika.

Masafa ya mkato wa juu kwa vifaa vyako ni kati ya 2000 na 2500. Chini ya hapo unamtesa twita: ukate angalau mara mbili ya masafa yake ya asili, hata ukiwa na mteremko wa 24. Juu ya hapo midi anaanza kuwa mwembamba, anarusha sauti mbele kama tochi, kwa sababu koni yake ina kipenyo cha sentimita 10 hivi na wimbi la hezi 3500 lina urefu huo huo. Ukitaka analogi, mchoro ni ule ule, badilisha tu thamani: nanofaradi 10 na kilo-omu 5.1 zinakupa hezi 2207.

Ila kwa mkato wa juu mimi ningekushauri DSP, krosova ya kidijitali inayogawa sauti kwa hesabu, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayependa opampu. Sababu ni ule umbali. Kwenye DSP unaandika tu twita asubiri maikrosekunde 86, ambazo ni sentimita 3, na kazi imekwisha. Kwa analogi utahitaji machujio ya ziada ya kuchelewesha, au umrudishe seremala arudishe uso wa twita nyuma, au uinamishe boksi. DSP pia inakuruhusu kushusha kilima kimoja cha midi bila kuchoma risasi upya. Hesabu milango kabla ya kununua: stereo ya njia tatu inataka matokeo sita. miniDSP 2x4 HD ina manne, inatosha mpango wa kwanza niliokueleza, haitoshi wa pili. Behringer DCX2496 ina sita, za plagi za XLR. Ukiwa mtu wa kompyuta, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye programu ya CamillaDSP na kadi ya sauti ya matokeo sita au nane inafanya kazi hiyo hiyo. Usije ukanunua DSP kwa kudhani yenyewe itasikiliza na kurekebisha. Bila kipimo, ni sanduku la namba nyingi za kukosea.

Siku twita inaunganishwa moja kwa moja na amplifaya, hakuna tena kapasita inayoilinda. Mshindo wa kuwasha, waya uliochanganywa, volti ya moja kwa moja kutoka amplifaya iliyokufa, vyote vinafika. Weka kapasita ya maikrofaradi 33 mfululizo na twita. Inaanza kukata kwenye hezi 600, kwa hiyo kwenye 2200 inapunguza theluthi moja ya desibeli tu na kusogeza wimbi kwa nyuzi 15, ambazo utaziona kwenye jaribio la kugeuza waya na kuzifidia. Mara ya kwanza jaribu na spika yoyote nzima iliyong'olewa kwenye redio mbovu kabla ya kufunga twita nzuri. Na kuwasha kuwe kwa mpangilio: krosova kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Umeme ukikatika ghafla, zima amplifaya kwenye swichi kabla haujarudi.

Amplifaya ya bufa ndiyo iwe na misuli. Ya midi na twita wati 30 safi zinatosha nyumbani, LM3886 ni chaguo zuri ukipata aisii halisi. Zile bodi ndogo za amplifaya za TPA3116 nazo zinafaa, lakini elewa kwamba waya wake wa hasi wa spika si graundi. Ukiuunganisha na graundi au na hasi ya spika nyingine, imekufa.

Kwa mvumo: amplifaya mbili na krosova zote zichomekwe kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Ukisikia mvumo usikate pini ya ethi kwenye plagi kama mafundi wengine wanavyofanya, kwani boksi la chuma la amplifaya likipata hitilafu litakupiga wewe. Tafuta waya wa RCA unaozunguka karibu na transfoma, uuhamishe. Na kwa kuwa uko Shangani, chumvi ya baharini itakula soketi za RCA za bati ndani ya mwaka. Nunua zilizopakwa dhahabu, funika matundu ya boksi la krosova kwa wavu mwembamba. Mijusi na sisimizi wanapenda sana joto la regulata, na mjusi mmoja akilala juu ya 7915 huwezi kuamini madhara yake.

Kwa sababu ya hewa hiyo ya pwani, na ile haja ya kulinganisha pande mbili, sikushauri zile krosova za vitasa vya kuzungusha masafa, za gari au za ukumbini. Vitasa vya kaboni vya pande mbili havilingani, kushoto kunaweza kuwa 270 wakati kulia ni 320, na baada ya msimu mmoja wa unyevu vinakwaruza. Ukiwa umeshanunua moja, ifungue, pima vitasa vimesimama wapi, na uweke resista za kudumu mahali pake.

Kabla hujaenda dukani, niandikie mambo mawili: masafa ya asili ya twita yako kama yameandikwa kwenye karatasi yake, na umbali kutoka katikati ya midi hadi katikati ya twita. Umbali huo ukizidi sentimita 16, nitakushusha mkato wa juu hadi 2000, na thamani za resista zitabadilika.